Chumvi Uliyonitumia

Yule mama hajaua mtu, Dada. Ndilo nililokuwa nataka kusema juzi pale salio liliponikatia maneno mdomoni, wewe ukabaki unasema haloo haloo. Ona sasa, nimeanza na msiba kabla ya salamu kama mtu asiye na kwao. Shikamoo. Hujambo? Shemeji anaendeleaje na mgongo wake, bado anainuka kwa awamu kama meza ya kukunja? Na wanangu hapo wazima wote? Yule wa mwisho ameacha kula chaki? Wape salamu mmoja mmoja kwa jina, usiwarushie kwa jumla kama unalisha kuku. Mimi huku sijambo ya mdomoni. Nikisema mzima, mashine itanicheka.

Usishangae kuona barua. Najua unasema, huyu mdogo wangu darasa la nne lenyewe alilimaliza kwa kubembelezwa, leo karatasi ya nini na simu ipo? Simu, Dada, unanijua. Nikisikia sauti yako nitaanza utani, nitakuchekesha, tutamsema wifi yetu na wigi lake mpaka salio liishe, na lile la maana litabaki nyuma ya meno. Karatasi haicheki. Inanitazama tu mpaka niseme. Mwandiko utausamehe, mkono wa kushoto ndio wenye mshipa wa mashine, ule unaovuma kama nimefuga nyuki, na faili langu ninaloandikia linateleza juu ya goti.

Niko kwenye benchi, nje ya chumba cha mashine za kuosha damu. Leo Jumamosi. Wamenipima uzito, wamenitoa damu, wakaniambia nisiende popote, majibu yakitoka wataniita. Sista wetu mkuu tunamwita Sista Mizani, kwa sababu hata ukimwamkia anakutazama tumbo kwanza ajue umekunywa maji kiasi gani. Leo amenigombeza mbele za watu kama mtoto aliyekojoa kitandani. Nimezidi kilo tano na nusu. Akaniuliza Alhamisi nilikuwa wapi, mbona kitanda changu kilibaki kitupu. Nikasema nilikuwa na shughuli. Akasema shughuli gani hiyo inayoizidi roho. Sikumjibu, Dada. Mimi! Watu wa benchi wakatazamana, wakasema leo Redio imekufa betri.

Redio ndilo jina langu hapa. Msusi hawezi kuwa bubu, utasukaje kichwa cha mtu saa tano bila habari? Na habari za vichwani ninazileta hapa, za hapa nazipeleka vichwani, hakuna kinachooza. Yule mteja wangu mwenye nywele za kamba za katani anaijua benchi hii yote kwa majina na hajawahi kukanyaga.

Nikutajie kabisa kazi ninayokutuma, nisije nikapotelea njiani kama kawaida yangu. Kuna mama mmoja, mke wa rafiki yangu wa mashine. Mumewe amefariki, na ndugu wa mume wamemtoa nyumbani kwake, wanasema alimuua kwa chakula. Amekwenda kwa kaka yake, huko huko mjini kwenu. Nataka umtafute, umwambie hakuua, na umwambie ni nini kilichoua. Hiyo ya pili ndiyo inayonitoa jasho. Acha nianze mwanzo, maana ukisikia mwisho peke yake utaniona mnyama.

Huyo mume tulimwita Fundi Saa. Alikuwa na kibanda kando ya posta, anatengeneza saa za mkono na za ukutani, mtu mwembamba kama mshale wa dakika. Mashine yake namba tatu, yangu namba nne. Saa nne kila tukija, mara tatu kwa wiki, miaka miwili. Hata mimi na marehemu mume wangu hatukuwahi kukaa saa nne bila mmoja kuchukua viatu vyake. Mimi nasema, yeye anasikiliza macho yakiwa juu ya dari, nikifika pazuri anatikisa kidole gumba. Ndoa ilikuwa hiyo! Mkewe mwenyewe alikuwa akimfikisha hapa ananiambia, haya, nimekuletea mume wako wa saa nne, unirudishie mzima. Tunacheka. Mwanamke mnene wa furaha, mpole, mikono yake imekunjamana kwa kukaa ndani ya maji.

Nikueleze kwa nini ndani ya maji. Kuna kitu kiko kwenye vyakula kinaitwa potasiamu. Wewe mwenye figo zako unakikojoa, kwisha habari. Sisi mkojo ulishatuaga, kwa hiyo kinabaki kwenye damu, kinapanda taratibu, mashine ikituosha kinashuka, tukienda nyumbani kinapanda tena. Kikizidi kinakwenda kwenye moyo kuuambia pumzika. Na hakiumi, Dada, ndio ubaya wake. Kwenye benchi tunakiita Mama Mkwe: hasikiki akiingia, unashtukia ameshakaa. Tena amekaa kwenye kila kitamu. Ndizi yumo. Chungwa yumo. Parachichi, nyanya, maharage, viazi, amejaa tele. Ukitaka kiazi lazima ukimenye, ukikate vipande vidogo vidogo, ukiloweke kwenye sufuria la maji mengi, umwage, uchemshe kwa maji mapya, umwage tena. Kikifika kwenye sahani chenyewe hakikumbuki kama kiliwahi kuwa kiazi.

Wengi wetu tunadanganya. Tunaloweka nusu saa tunasema tumeloweka mchana kutwa. Fundi Saa hakudanganya. Aliweka saa ya kengele jikoni, ya rangi nyekundu, ikilia maji yanamwagwa, inategwa upya, ikilia tena yanamwagwa. Mkewe alisema kwao viazi vina ratiba kuliko treni. Na alimfuata neno kwa neno, hata wageni wakija waliupata huo ugonjwa, maana sufuria lilikuwa moja. Ndiyo maana kipimo chake kilikuwa kizuri kutushinda sote. Sisi wanatuvumilia tukiwa tano na kitu. Tukigusa sita wanakunja uso. Yeye miaka miwili hakuigusa sita. Sista Mizani alikuwa akimtaja kama mfano, sisi tunamsonya kwa upendo.

Basi miezi mitatu iliyopita kikaanza kupanda. Tano na nane. Mara ya pili, sita na mbili. Sista akamwita mkewe, akamkalisha kwenye kile kiti cha plastiki mbele yetu sote, akamhoji kama polisi wa barabarani. Umempa ndizi? Hapana. Juisi? Hapana. Mchuzi wa nyanya? Hapana, Sista. Chumvi je, mnatumia? Akasema chumvi tuliiacha, Sista, hata kopo lake nililigawa. Sista akaandika. Kisha akamwambia, basi huloweki vizuri, mama, wewe ndiye unayemrudisha nyuma. Yule mama akatoka na uso chini. Tangu siku hiyo akaanza kuchemsha mara tatu. Mara tatu, Dada! Fundi Saa akaniambia siku hizi anatafuna maji ya moto yenye umbo la kabichi. Lakini hakumlalamikia mkewe. Wiki mbili baadaye, sita na sita.

Ile Jumanne sasa. Kwetu Jumanne ndiyo siku mbaya, maana tangu Jumamosi hujaoshwa. Alikuja anavuta miguu, akasema ameamka ameona kama miguu imeazimwa na mtu. Mkewe akamkalisha pembeni yangu akaenda dirishani kupanga faili na kuchukua namba ya foleni. Mimi huku nilikuwa na habari moto. Unamkumbuka yule mteja wangu aliyekimbiwa na bwana harusi? Bwana harusi amerudi, tena amerudi na sofa. Nikawa namsimulia. Fundi Saa akaniegemea begani. Nikaona amechoka, nikamwacha, nikaendelea. Nikamsimulia sofa lilivyokwama mlangoni, mama mkwe yuko ndani, bwana harusi yuko nje, sofa katikati, wanatukanana juu ya mito. Nikafika mwisho nikacheka. Nikasubiri kidole gumba. Dada, nilikuwa nimemsimulia maiti habari nzima.

Walikimbia naye. Walimkandamiza kifua hadi Sista mwenyewe akaloa mgongo. Majibu yake ya damu yalikuja yeye ameshafunikwa: saba na nane. Mkewe alikuwa bado ana ile namba ya foleni mkononi, ameikunja, hataki mtu aichukue.

Mazishi sitakusimulia, yalikuwa mazishi. Lakini ndugu zake walikwenda kumuuliza daktari ndugu yetu kafa na nini, daktari kijana, mkweli kama wembe, akawaambia potasiamu ilizidi, na potasiamu inatoka kwenye chakula. Yeye alifikiri anawafundisha. Wao waliondoka na kesi. Chakula anapika nani? Basi. Ile nyumba iliachwa na baba yao, na dada mkubwa wa marehemu, mwanamke mwenye sauti ya king'ora, alikuwa ameitolea jicho siku nyingi, ila sitaki kumsingizia, nahisi alikuwa na uchungu wa kweli pia. Watu wanaweza kuwa na vyote viwili.

Jumapili iliyofuata wakakaa kikao, na mimi wakaniita. Unajua nilifurahi? Nakwambia ukweli. Nilivaa gauni langu la kijani. Nikasema naitwa kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu naye. Tukakaa sebuleni, saa zake zote ukutani, kila moja na dakika yake, maana hakuna wa kuzilinganisha tena. Mkewe amekaa kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni kama mtu aliyekuja kuomba kazi. King'ora akamuuliza kila alichompikia, siku kwa siku, akajibu kwa sauti ya chini. Naloweka, nachemsha, namwaga. Naloweka, nachemsha, namwaga. Mpaka mmoja wa wajomba akasema mbona anaimba.

Halafu King'ora akanigeukia. Akasema wewe mlikuwa mnakaa naye saa nne nzima, hakukwambia anakula nini kwake? Kukawa kimya. Unanijua mimi na kimya. Nikasema, aa, alikuwa mwangalifu sana, ila siku ile walipotimiza miaka thelathini ya ndoa alinichekesha, aliniambia mama amemhurumia amempa nusu ya ndizi, wakala wamejifungia chumbani kama wezi.

Ilikuwa kweli. Nusu ya ndizi, mwaka jana. Aliniambia huku anatabasamu, ndiyo siku pekee niliyoona meno yake yote. Mimi nikaitoa pale sebuleni. King'ora akapiga kofi paja lake, akasema mmesikia? Mmesikia? Kwa mdomo wa mtu baki! Yule mama hakukana. Alinitazama tu, Dada. Hakunitazama kwa hasira, alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka aliniona wapi.

Baada ya siku tatu alitoka na begi moja. Watoto wao wako mbali, wakubwa, kila mmoja alipigiwa simu na King'ora kabla mama yao hajapiga. Yule wa kwanza, wameniambia, amemtumia mama yake ujumbe mmoja tu: ndizi, mama? Tangu hapo simu ya yule mama imezimwa.

Sasa kaa chini. Kama Shemeji yuko karibu mwambie akatazame kama mvua inakuja.

Unazikumbuka zile pakiti mbili za chumvi ulizompa dereva wa basi aniletee? Zile za kijani. Ulisema dukani wamekwambia hiyo ndiyo chumvi ya wagonjwa, haipandishi presha, ukaona mdogo wangu anakula chakula cha pamba kila siku, nimsaidie. Nilikupigia nikakushukuru mpaka ukalia. Nilikudanganya, Dada. Niliionja mara moja, ikaniachia uchungu ulimini kama nimelamba betri. Nikaipandisha juu ya kabati. Halafu nikafikiri, kitu kimetoka mbali, kimeletwa kwa mapenzi, kukitupa ni laana. Nikampelekea Fundi Saa. Zote mbili. Na nilivyompa! Kama namkabidhi mtoto wa kifalme. Nikamwambia dada yangu ameniagizia chumvi maalumu ya watu wetu, na ya kwangu iko nyumbani naitumia, angalia nilivyonawiri.

Akazigeuza. Akavaa ile miwani yake ya jicho moja ya kutazamia vyuma vya saa, akasoma maandishi madogo ya pembeni, lugha haikuwa yetu, akavua. Akaniuliza kitu kimoja, naye alikuwa mtu wa kuuliza mara moja kwa mwezi. Umemuuliza Sista? Nikasema nimemuuliza. Nikasema amesema ruksa, tena hata yeye mwenyewe anaitumia kwake.

Sikumuuliza. Sijui kwa nini nilisema. Hapana, najua. Nilitaka anione mtu ninayeitwa pembeni na Sista, tunanong'onezana mambo. Tangu tuko wadogo, nikipewa nafasi ya kusema sijui, mdomo unakataa. Wewe ulikuwa unanikanya, mama alikuwa anacheka. Bora angenichapa.

Jumamosi, siku moja kabla ya kile kikao, alikuja bibi wa lishe. Kifo cha Fundi Saa kiliwatisha wakubwa, wakamleta atufundishe upya. Akapanga mezani ndizi, nyanya, viazi, tunavijua, tukawa tunasinzia. Mwishoni akatoa kwenye mkoba pakiti ya kijani. Akasema hii, ndugu zangu, wameondoa chumvi ya kawaida wakaweka potasiamu yenyewe. Mwenye presha na figo nzima inaweza kumfaa. Kwenu ninyi ni sumu, kijiko kimoja kinashinda mkungu wa ndizi. Labda aliongeza chumvi kidogo na yeye kwenye maneno, lakini ndivyo alivyosema. Akauliza kuna anayeitumia hapa? Mimi nikawa nahesabu vigae vya sakafuni.

Hapo ndipo nilipoona yote, kama mtu aliyewashiwa taa chooni. Mkewe anachemsha, ladha inaondoka, Fundi Saa ananyunyiza chumvi yangu. Kipimo kinapanda. Sista anamgombeza mkewe. Mkewe anachemsha mara ya tatu, ladha inakwisha kabisa, Fundi Saa ananyunyiza zaidi. Kadiri yule mama alivyohangaika kumwokoa ndivyo alivyomsukuma. Na alipoulizwa habari ya chumvi akasema tuliiacha, naye hakusema uongo. Kwao ile haikuwa chumvi. Ilikuwa ruksa ya Sista.

Kwa hiyo ile ndizi, Dada, haikuniponyoka. Nilikuandikia pale juu kwamba kimya kilinishinda, na wewe ukaamini kwa sababu ndivyo nilivyo. Siku ile nilikuwa najua. Nilikuwa nimelala macho usiku mzima najua. King'ora aliponigeukia niliona macho yake yanatafuta, yanapita jikoni, yanapanda kwenye rafu, na kwenye rafu niliiona mwenyewe kwa macho yangu pakiti ya kijani imekunjwa mdomo kwa kibanio cha nguo. Hatua kumi kutoka kwenye mkeka wa yule mama. Nikampa ndizi ili macho yasifike kule. Ndivyo ilivyokuwa. Watu wote wanasema Redio haiwezi kukaa na neno, kumbe inaweza, ikitaka.

Wewe huna kosa, usianze kulia. Ulinunua kwa nia njema, dukani hawakukwambia ni kwa nani na si kwa nani, na kama ningeiacha juu ya kabati leo ingekuwa chakula cha mende. Hilo nililotenda mimi ni langu, sikugawii hata kipande.

Alhamisi nilimtafuta. Ndiyo shughuli yenyewe, ile Sista aliyoniuliza. Nilisema nitakwenda asubuhi nitubu, saa sita niko kwenye mashine. Nilifika pale nyumbani, King'ora ameshabadilisha kitasa. Nikazunguka kwa majirani, huyu ananituma kwa yule, yule amekwenda sokoni, nikakaa kwenye ngazi za watu kumsubiri mpaka jua likaondoka ukutani. Mashine ikanipita. Yule jirani aliporudi ndiye aliyenieleza kwamba amekwenda kwa kaka yake, akanielekeza njia kwa mdomo tu, alisema karatasi anaiogopa, King'ora asije akajua ametoa siri. Njia yote iko kichwani mwangu. Nimeirudia tangu juzi kama mtoto anayekwenda dukani.

Nilipanga nije mwenyewe kwa basi, nifikie kwako. Lakini tangu jana miguu haitaki. Leo zile ngazi nne za mlangoni nimepandishwa na mlinzi, amenishika kiuno, nikamtania kwamba akioa atajua kazi, naye akacheka, lakini ganzi ilikuwa imeshafika magotini. Midomo inawasha. Moyo unapiga mbili, unaruka moja, unakumbuka, unapiga. Nawajua wageni hawa. Tangu Jumanne sijaoshwa, na Ijumaa kwa uchungu nilikula viazi vya mteja bila kuloweka, sahani nzima, sikuona hata utamu wake. Sikufanya makusudi. Nadhani sikufanya makusudi.

Kwa hiyo kazi ni yako. Ukimkuta usimsomee utani wangu, usimsomee la sofa. Mwambie chumvi ya kijani ilitoka kwangu, na ruksa ilitoka kwangu, Sista hakuijua. Mwambie nusu ya ndizi isingeweza kuua hata sisimizi, na mumewe siku anaisimulia alikuwa na meno yote nje. Mwambie mara tatu alizochemsha nilizisikia. Asiponisamehe ni haki yake, usimbembeleze. Akitaka barua hii awapelekee wanawe, mpe, nimeiandika kwa mkono wangu na herufi zangu mbaya hakuna atakayesema imeghushiwa. King'ora nitamwambia mwenyewe nikitoka hapa, nimeapa, ingawa mimi na viapo vyangu unavijua. Sista pia nitamwambia. Amenipita hapa mara tatu leo na mara tatu nimefungua mdomo nikamuuliza habari za watoto wake.

Yule mlinzi amesema anatoka zamu mchana, nikimpa barua ataipeleka leo leo kwa dereva wa basi, kwa hiyo nisichelewe. Haya, shika kalamu nikuelekeze, uandike vizuri maana pamejificha, na jirani alisema ukikosea kona moja umepotea kabisa, huko hakuna anayemjua kwa jina. Ukishuka stendi usitokee mlango mkubwa. Pita ule mdogo wa nyuma, wenye mafundi viatu. Mbele yako utaona barabara mbili zinaachana, katikati kuna kibanda kimefungwa. Hapo usifuate watu, watu wengi wanafuata ile ya

Ngoja. Sista Mizani anakuja, tena anakimbia, sijawahi kumwona akikimbia tangu ile Jumanne. Ana karatasi ya majibu mkononi na nyuma wanasukuma kiti cha magurudumu. Ananiita kwa jina langu la kweli, Dada, sikujua hata kama analijua. Anasema nisisimame, niache kalamu. Nimemwambia mstari mmoja tu, anasema hakuna mstari. Nakuja, Sista, nakuja! Nisubiri hapo hapo, Dada, pale barabara zinapoachana